Vifuniko Vitatu vya Dawa

Mama Becky alidai kwamba ng'ombe wale hawakuugua hata kidogo. Walisimama tu, wakatetemeka kama watu walionyeshewa, mate yakawatoka, kisha wakaanguka mmoja baada ya mwingine huku mwenyewe bado ana pampu mgongoni. Ilitokea kwa mzee Wanyoike, upande wa chini wa Rongai, na kisa chote kilikuwa dawa ya kupe iliyotiwa nyingi mno kwenye maji.

"Alimimina tu, Kogo! Glu, glu, glu, kama mtu anayetia mafuta ya kupikia," Mama Becky alisema akiwa ameegemea ua. "Kufika saa sita mchana, ng'ombe watano chini."

"Jana ulisema watatu," Kogo Cheruto alimjibu. Alikuwa akikatakata majani ya nepia kwa panga, wala hakuinua kichwa.

"Jana walikuwa watatu. Hao wawili wamefuata leo."

"Leo saa ngapi, na jua ndio kwanza linatoka?"

"Watu wana simu, Kogo! Haki, wewe hujui kuogopa." Mama Becky alicheka, akachukua wilbaro aliyokuja kuazima, akaenda nayo ikilia kwi, kwi, kwi mpaka ng'ambo ya mikonge.

Kogo, yaani Bibi kwa Kikalenjin, hakujua kuogopa, lakini mjukuu wake alijua. Jepleting alikuwa ndani ya zizi, ufagio mkononi, na kila neno lilikuwa limemfikia. Jumamosi zake zote zilifanana. Aliamka, akazoa samadi, akateka maji kwenye tangi la mvua, kisha akamtolea Kogo pampu stoo, kwa maana Jumamosi ilikuwa siku ya kumnyunyizia ng'ombe dawa. Kazi hizo alizifanya hata akiwa na usingizi. Leo usingizi ulikuwa umekimbia. Alimtazama Soksi, naye Soksi akamtazama, akitafuna polepole.

Soksi alikuwa mtamba mwekundu, miguu yake minne myeupe kuanzia magoti kwenda chini, kama mtoto aliyevalishwa soksi za shule. Mama yake alikuwa amekufa kwa homa ya kupe mwaka uliopita, mvua ndefu zilipoanza, na tangu siku ile nyumba yao ilikunywa strungi, chai isiyo na tone la maziwa. Mama yake Jepleting alifanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Naivasha, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Waliobaki pale walikuwa Kogo, Jepleting na Soksi, na Soksi alikuwa na mimba. Ndama huyo alikuwa amekwisha kupewa kazi nyingi kabla hajazaliwa: maziwa ya chai, maziwa ya kuuza na maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa kibuyuni.

"Jepleting!" Kogo aliita. "Njoo unisomee hapa. Macho yangu hayashiki maandishi madogo."

Kogo alikuwa ameshika chupa ambayo Jepleting hakuwahi kuiona. Dawa waliyoizoea ilikuja kwenye chupa nyeupe yenye kifuniko kidogo cha bluu. Hii ilikuwa na kifuniko kikubwa chekundu, na ubavuni mwake mlikuwa na ukanda mwembamba uliopenyeza mwanga, wenye mistari na namba.

"Ile ya zamani imekwisha dukani," Kogo alieleza. "Micah akanipa hii. Alisema maneno mengi, lakini duka lilikuwa limejaa watu, na mashine ya kusaga ya jirani yake inapiga kelele. Niangalizie tu. Ndoo moja, vifuniko vitatu. Ni sawa?"

Ndivyo walivyopima watu wote wa pale. Marehemu Babu alipima kwa kifuniko, Mama Becky alipima kwa kifuniko, na ungeenda boma kwa boma mpaka barabara kuu, ungekuta mtu ameinama juu ya ndoo akihesabu vifuniko. Hakuna aliyewahi kuuliza ni kifuniko cha chupa ipi.

Jepleting alichukua chupa. Maandishi yalikuwa ya Kiswahili na ya Kiingereza, na aliyasoma bila shida: *Changanya mililita 2 za dawa kwa kila lita moja ya maji. Usizidishe kipimo.* Chini yake kulikuwa na mchoro wa fuvu la kichwa.

Basi hapo ndipo ukungu ulipomwingia. Ulikuwa ukungu ule ule aliokuwa akiujua darasani. Hesabu za namba tupu hazikumsumbua. Mpe kujumlisha, mpe kuzidisha, atafanya. Lakini swali likija na maneno, kwamba mtu fulani ana kitu fulani na mwenzake anacho mara mbili, na kwa jumla wana kadha wa kadha, maneno na namba zilianza kukimbizana kichwani mwake kama kuku walioona mwewe. Tangu Gredi ya Saba ianze, alikuwa hajatatua hata swali moja la namna hiyo kwa akili yake. Aliketi na Becky, mtoto wa Mama Becky, na Becky alijua. Becky alisukuma daftari lake kidogo upande wa kulia, Jepleting akanakili, na Mwalimu Muiruri akaweka tiki.

Tiki zile zilimfurahisha Kogo kuliko mtu yeyote. Alikuwa amezitangaza mpaka kanisani. "Huyu wangu," aliwaambia kina mama baada ya ibada, "mwalimu akileta hesabu ngumu, yeye anaimaliza kama uji."

Sasa Kogo alikuwa amesimama mbele yake, gambuti miguuni, akingoja jibu. Jepleting alisoma maandishi mara ya pili. Mililita mbili. Lita moja. Ndoo. Vifuniko. Je, unazidisha au unagawanya? Kifuniko kina mililita ngapi? Alitaka kusema, "Kogo, sijui." Maneno hayo mawili yalifika mpaka kwenye ulimi, yakakumbuka kina mama wa kanisani, yakarudi ndani.

"Ni sawa, Kogo," alisema. "Vitatu."

"Nilijua," Kogo alisema, akaridhika kabisa.

Ndoo moja ya maji, lita kumi, iliingia kwenye pampu. Kogo alivaa glavu, akafungua chupa, akahesabu kwa sauti: "Kimoja. Viwili. Vitatu." Kila kifuniko kilipomwagwa, harufu ilipanda. Harufu ya dawa ya zamani Jepleting aliizoea, ilifanana na ya mafuta ya taa. Hii ilimchoma ndani ya pua, macho yakamlenga machozi. Soksi alirudisha masikio nyuma, akavuta kamba iliyomfunga kwenye nguzo.

"Tulia, mama," Kogo alimwambia mtamba. "Dawa kali ndiyo inayoua kupe."

Jepleting aliona mate kidogo kwenye mdomo wa Soksi. Ng'ombe hutokwa na mate kila siku, alijua hivyo tangu akiwa mdogo, lakini leo aliyaona kwa macho ya Mama Becky. Walisimama tu, wakatetemeka, mate yakawatoka. Alitazama tumbo la Soksi lililoanza kuvimba. Kogo alichuchumaa, akapitisha mikono kwenye mikanda, akainuka na pampu mgongoni. Akapiga mpini mara kadhaa kujaza upepo. Chu, chu, chu. Akainua mkono wenye kinyunyizio, akailenga shingo ya Soksi, pale kupe wanapopenda kujificha.

Jepleting alijiambia kwamba labda vitatu ni sawa. Kila mtu hutia vitatu. Kisha akaona kidole cha Kogo kikibonyeza.

"Kogo, usinyunyize!"

Sauti ilimtoka kubwa hata kuku wakaruka. Kogo alishtuka, mkono ukaenda pembeni, matone machache ya dawa yakarukia nguzo badala ya ngozi.

"Nini? Umeona nyoka?"

"Usinyunyize. Tafadhali, Kogo. Sijui kama vitatu ni sawa."

Kogo alimtazama.

"Ulisema ni sawa."

"Nilisema."

"Ulisoma?"

"Nilisoma. Sikuelewa. Nikaogopa kusema."

Kogo aliivua pampu taratibu, akaiweka chini kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akavua glavu moja, kisha ya pili. Jepleting alingoja kofi. Kofi halikuja, na kukosekana kwake kulimtisha zaidi.

"Na zile tiki?" Kogo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni za Becky." Machozi yalianza kumtiririka. "Zote za maswali ya maneno. Mimi hunakili tu."

Kogo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa mara ya kwanza Jepleting aliona mikono yake ikitetemeka. Ilitetemeka kidogo, lakini aliiona. Kwa hiyo Kogo naye alijua kuogopa.

Alichomoa simu mfukoni, akampigia Micah. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika tena.

"Tuimwage yote tuanze upya," Jepleting alisema akifuta pua.

"Tuimwage wapi? Huku chini ni kijitoni, ndiko watu wanakoteka maji. Na huko juu ni kwa Mama Becky, ana bata." Kogo alishika sikio la Soksi, akaligeuza. Ndani yake kupe walikuwa wamejipanga kama punje za mtama. "Na hawa unaona wamenona? Mama yake walimmaliza kwa wiki moja. Dawa lazima aipate leo." Akaachia sikio. "Ikiwa kuna dawa nyingi humo ndani, basi maji ni machache. Maji tunayo. Tuongeze mangapi?"

"Sijui, Kogo. Becky akirudi nitamuuliza."

"Becky yuko Olkaria kwa baba yake mpaka kesho jioni. Kupe hawamngoji Becky." Kogo alimtazama usoni. Hakuwa na hasira, na hakuwa na tabasamu pia. "Mwalimu wako huwa anasemaje mkikutana na swali kama hili?"

Jepleting alifumba macho. Alikuwa ameketi kwenye masomo hayo yote, masikio yake yalikuwepo hata kama akili ilikuwa kwenye daftari la Becky. Alimwona Mwalimu Muiruri, mrefu, koti lake limejaa vumbi la chaki, akigonga ubao kwa kifundo cha kidole.

"Anasema swali la maneno ni habari tu, mtu anakuletea habari," alisema polepole. "Anasema, kwanza jiulize ni kitu gani usichokijua. Ukipe herufi, iwe jina lake la muda. Halafu uiseme habari ile ile upya kwa namba. Na ukipata jibu, ulirudishe ndani ya habari. Likikataa kukaa, umekosea."

"Basi fanya hivyo. Mimi nipo."

Jepleting alikwenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa. Ubao wa zizi ulikuwa mpana na laini. Aliukandamiza mkaa hata ukamvunjikia. Akaokota kile kipande kidogo.

Kwanza alitaka kujua dawa kiasi gani imeingia. Aliinua chupa kwenye mwanga, akatazama ule ukanda wa mistari. Ilikuwa mpya, kwa hiyo ilianzia mia moja. Sasa dawa ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mstari wa sabini. Mililita thelathini zilikuwa ndani ya pampu. Lita kumi za maji, kila lita na mililita mbili, zilitaka ishirini tu.

"Ni nyingi, Kogo. Ni nyingi kweli."

"Nimekusikia. Endelea."

Akajaribu haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Thelathini gawanya kwa kumi, akapata tatu. "Tuongeze lita tatu!" alisema, na karibu akimbilie tangi. Kisha akakumbuka. Lirudishe ndani ya habari. Lita kumi na tatu, mara mbili, ni ishirini na sita. Dawa iliyomo ni thelathini. Jibu lilikataa kukaa.

Angekuwa ameongeza tatu, akamwambia Kogo ni sawa, na bado ingekuwa kali kupita kipimo. Alifuta kwa kiganja, kiganja kikawa cheusi.

"Usiharakishe," Kogo alisema. "Hakuna anayekufukuza. Ni kitu gani usichokijua?"

"Maji ya kuongeza."

"Yape jina."

"Nitayaita *m*." Aliandika *m* kubwa, akasimama akiitazama. Ilikuwa ajabu, lakini kitu kile kilipopata jina, kiliacha kumzunguka. Kilikaa pale kwenye ubao, kimetulia. "Maji yote yatakuwa kumi na *m*. Kila lita inataka mililita mbili. Kwa hiyo mbili, mara kumi na *m*, lazima zilingane na zile thelathini tulizotia."

Akaandika, akisema kila kitu kwa sauti ili Kogo asikie, na ili ajisikie mwenyewe:

2(10 + m) = 30

"Mbili mara kumi ni ishirini. Mbili mara *m* ni *m* mbili."

20 + 2m = 30

"Naondoa ishirini upande huu. Mwalimu anasema ukiondoa huku, uondoe na kule, kama mizani ya kupimia viazi. Zinabaki kumi."

2m = 10

"*M* mbili ni kumi. *M* moja..." Alinyamaza. "Tano. Lita tano, Kogo."

"Lirudishe."

"Kumi kujumlisha tano ni kumi na tano. Kumi na tano mara mbili," alimeza mate, "thelathini."

Jibu lilikaa. Jepleting alilitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemwamini. Aliliangalia tena kutoka juu mpaka chini. Lilikaa.

Wakati huo simu ya Kogo ilianza kuita. Ilikuwa ni Micah. Kogo aliweka spika, na sauti ya mwenye duka ikajaa zizini, nyuma yake ile mashine ya kusaga ikinguruma.

"Mathe, samahani, nilikuwa na wateja. Kuna shida?"

"Zungumza na mjukuu wangu," Kogo alisema, akamsogezea Jepleting simu.

Jepleting alimweleza yote: lita kumi, vifuniko vitatu, mstari wa sabini, na zile lita tano za kuongeza. Micah hakumkatiza. Alipomaliza, vitufe vya kikokotoo vilisikika vikibonyezwa.

"Mmeshanyunyiza?" Micah aliuliza hatimaye.

"Bado."

"Asante Mungu." Alivuta pumzi. "Lita tano. Ni sawa kabisa, nimepiga kwenye kikokotoo hapa. Jana nilimwambia Kogo hii si kama ile, kifuniko chake ni mara mbili ya kile cha zamani. Nadhani hakunisikia. Hata mzee Wanyoike hakunisikia."

Kogo alisogea karibu na simu. "Kwa hiyo ni kweli? Ng'ombe watano?"

"Watano? Nani amesema watano? Ni mmoja, mathe. Lakini alikufa kweli. Ilikuwa chupa kama hiyo, na alihesabu vifuniko kama ninyi."

Soksi alipiga mkia, inzi wakaruka, wakarudi.

Jepleting aliteka maji kwa jagi la lita moja, akayamimina kwenye pampu mwenyewe, akihesabu kimoyomoyo, kisha akafunga na kuitikisa. Kogo alivaa glavu upya na kumgeuza Soksi ili upepo usiwapulizie usoni. Aliponyunyiza shingoni, Jepleting alishika kamba kwa mikono miwili, akaacha kupumua. Shingo, masikio, kwapani, chini ya mkia. Soksi alitikisa kichwa, akakohoa kidogo, akakanyaga gambuti ya Kogo kama kawaida yake.

Hata hivyo hofu haikuondoka mara moja. Jepleting alikataa kwenda kula. Alikaa mlangoni mwa zizi akimtazama mtamba wake, na kila Soksi aliposimama bila kutafuna, moyo wake nao ulisimama. Saa sita ya mchana ilipofika, ile saa ya Mama Becky, alishika viganja vyake vyeusi vya mkaa akavibana katikati ya magoti. Soksi alilala chini. Jepleting akaruka wima. Soksi akapiga mwayo, akaanza kucheua.

Kogo alitoka jikoni na vikombe viwili vya strungi, akaketi kando yake. Walikunywa mpaka kupe wa kwanza alipodondoka kutoka kwenye sikio la Soksi, akalala kwenye vumbi miguu juu.

"Nisikilize, mjukuu wangu," Kogo alisema. "Mimi nimekosea leo. Micah alisema nami sikurudia kumuuliza, kwa sababu watu walikuwa wengi nikaona haya. Wewe pia uliona haya. Haya yako na haya yangu zilikuwa zimuue huyu na ndama wake tumboni." Akaelekeza kidevu kwa Soksi. "Ungeniambia hujui, tungeketi chini tutafute, kama tulivyoketi. Mtu asiyejua anafundishwa. Lakini ukiniambia unajua, mimi ninainua mkono na kubonyeza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Kogo."

"Na huyo Becky ni mtoto mzuri, ninampenda. Lakini jiulize, daftari lake lilikuwa linakusaidia, au lilikuwa linakuficha?"

Jepleting aliutazama ubao wa zizi.

Alasiri Mama Becky alirudisha wilbaro. Alipoona maandishi meusi kwenye ubao, alisimama mbali. "Haiya! Kogo, nani amekuandikia uchawi kwenye zizi?"

"Huo ndio umemwokoa ng'ombe wangu," Kogo alisema. "Na wewe, chupa yako ya dawa ina kifuniko cha rangi gani?"

Kicheko cha Mama Becky kilikatika. "Chekundu," alisema. "Nilikuwa ninyunyize kesho."

"Basi keti hapa. Jepleting atakusomea."

Jepleting alimsomea neno kwa neno, na alipofika kwenye hesabu hakuruka kitu.

Ijumaa Mwalimu Muiruri alikuwa amewaachia kazi ya nyumbani iliyomnyima Jepleting usingizi: kila mmoja atunge swali lake la maneno, alitatue, na Jumatatu wengine wataitwa ubaoni kulieleza bila msaada wa jirani. Jumapili baada ya kanisa, Jepleting alikaa mezani akaandika swali la dawa ya Soksi. Lilimchukua muda mrefu, na alifuta mara nyingi, lakini kila mstari ulikuwa wake.

Jumatatu asubuhi Becky aliingia darasani akihema, sweta lake limepinduka.

"Niaje, Jeple! Aki, ungeona Olkaria! Mvuke unatoka ardhini kama sufuria ya githeri, na baba ametupeleka mpaka karibu na mabomba." Alijitupa kwenye kiti, akafungua begi. Ghafla uso wake ukabadilika. "Ngoja. Kulikuwa na kazi ya nyumbani?"

"Kutunga swali."

"Ai, mimi nimeisha." Becky alitazama mlango, kisha akatazama daftari lililofunguka mbele ya Jepleting. Macho yake yalipita kwenye mistari upesi, yakapanuka. "Ni wewe umefanya hii? Iko poa sana! Nipe haraka, nibadilishe kidogo tu. Hapa badala ya ng'ombe naweka mbuzi, badala ya thelathini naweka arobaini. Mwalimu hatajua."

Jepleting hakusogeza daftari. Hofu ile ya Jumamosi ilikuwa imerudi. Becky ndiye aliyempa daftari lake kila wiki bila kumcheka hata siku moja. Bila Becky angekuwa amelia darasani mara ngapi?

Nje, viatu vya Mwalimu Muiruri vilisikika vikija kwenye baraza. Darasa likanyamaza. Viti vikaburuzwa.

Becky alinyoosha kiganja juu ya dawati, wazi, kikingoja.

"Jeple," alinong'ona. "Si nimekuomba? Mimi nilikupa kila siku."